Ukishamkalia, Tafuta Kiwiko

Vijana wakikusanyika kutazama klipu ya pambano kwenye simu, iwe kijiweni Magomeni au barazani Mikindani, kuna sekunde moja ambayo wote hupiga kelele kwa pamoja: pale mmoja anapompanda mwenzake kifuani na kumkalia. "Kwisha habari yake!" Sisi tunaofanya mazoezi ya jujitsu ya Brazil hapa Mtwara hatupigi kelele, maana tunajua kinachofuata mara nyingi. Aliye juu anaona mkono umekaa wazi, anaurukia, mkono unachomoka, na nusu dakika baadaye ni yeye aliyelala chali.

Mkao huo mkekani unaitwa maunti. Umekaa juu ya kiwiliwili cha mpinzani aliyelala chali, magoti yote mawili yako chini, yeye hana mguu hata mmoja kati yenu. Kwenye judo mambo yangeishia hapo. Ukimdhibiti mtu hivyo kwa sekunde 20 umepata ippon, yaani ushindi kamili, na mwamuzi anasimamisha pambano. Wajapani wanauita tate-shiho-gatame. Aliyekuwa akimfuatilia Andrew Thomas Mlugu akiiwakilisha Tanzania kwenye judo katika Olimpiki ya Rio 2016 na Paris 2024 anaijua hesabu hiyo.

Jujitsu ya Brazil ni mtoto wa judo hiyo hiyo. Kano Jigoro aliianzisha Tokyo mwaka 1882, mwanafunzi wa shule yake aitwaye Mitsuyo Maeda akafika Brazil mwaka 1914, naye akamfundisha kijana Carlos Gracie, ambaye pamoja na wadogo zake waliikuza zaidi ile sehemu ya kulaliana chini. Ila hesabu waliibadilisha. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Brazil, ambazo ndizo zinazotumika kwenye mashindano mengi makubwa, ukimkalia mtu ukatulia kwa sekunde 3 unapata pointi 4. Hakuna mkao unaolipa zaidi ya huo. Kumpanda mtu mgongoni kunalipa sawa nao. Lakini saa haisimami. Mnaendelea hadi muda uishe au mmoja wenu agonge mkeka kukubali kwamba ameshindwa. Kwa hiyo aliye juu hawezi kukaa tu na kusubiri. Inabidi amalize.

Mbinu za kumaliza kutoka hapo ni nyingi. Kuna kabali za kola ya kimono, yaani koti la mazoezi, kabali za mkono, kufuli za bega, kunyoosha kiwiko, pembetatu za miguu. Mkanda mweupe, yaani anayeanza, akizitazama kwenye video huzikusanya moja moja na kuziandika kwenye daftari, leo hii, kesho ile, na akipata nafasi hajui aanze na ipi. Mimi naona kosa liko kwenye kuzihesabu. Karibu zote zinajibu swali moja tu: kiwiko cha aliye chini kimebana ubavuni, au kimetoka? Kikiwa kimebana, huna cha maana cha kumfanya. Kikitoka, mwili wake ndio unaokuchagulia mbinu.

Lakini kabla ya kiwiko kuna uzito, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibikiwa.

Maunti ziko mbili. Kuna ya chini, makalio yako yakiwa usawa wa nyonga zake, na kuna ya juu, magoti yako yakiwa yamepanda hadi kwapani kwake. Aliye chini ana silaha mbili kubwa za kujiokoa. Ya kwanza ni kupiga daraja, ambayo Wabrazili huiita upa: anavuta visigino karibu na makalio, anakamata mkono wako mmoja, anauzuia mguu wako wa upande huo huo, kisha anainua nyonga kwa nguvu na kukupindulia upande ambao huna cha kujiegemezea. Ya pili ni kujilaza ubavu na kupenyeza kiwiko chake ndani ya goti lako, mpaka apate nafasi ya kuingiza goti lake na kukurudisha kati ya miguu yake, yaani kwenye gadi.

Silaha zote mbili zinaanzia nyonga. Ukiwa umekaa juu ya nyonga zake, umekaa pale pale nguvu inapotokea, na kila akisukuma unarushwa. Ukipanda hadi kifuani, anaweza kuinua nyonga anavyotaka. Zinapanda nyuma yako, hazikugusi sana, na mgongo wake wa juu ndio unaobeba mwili wako. Halafu kuna faida ya pili ambayo haionekani mara moja. Goti lako likifika kwapani, mkono wake hauna tena pa kukaa ubavuni. Goti limekuwa kabari. Limeingia kati ya kiwiko na mbavu, na kiwiko kimeinuka bila wewe kukivuta.

Kupanda huko hakuhitaji haraka. Unasogeza goti moja, unatulia, unasogeza la pili. Akiwa amebana viwiko sana, vidole vyako vinatembea chini ya kiwiko chake kama anavyotembea kaa, unakiinua sentimita chache, goti linaingia kwenye uwazi huo, basi. Mtu mwenye haraka hapa huinua makalio hewani ili asogee, na hapo ndipo anaporushwa.

Nitaje na mchanga, maana hapa kwetu watu wanapenda kujifunzia ufukweni Shangani jioni, kuna upepo na hakuna kodi ya ukumbi. Ni pazuri kwa pumzi na miguu, lakini kwa maunti panadanganya. Anayepiga daraja juu ya mchanga, visigino vyake vinazama na nguvu inapotelea chini. Aliye juu anajiona mzito, hang'oki. Siku akija kwenye mkeka wenye kushika nyayo anarushwa na mtoto wa sekondari. Anayejifunzia ufukweni apime maunti yake mkekani kabla ya kujisifu.

Sasa tuje kwenye kiwiko. Aliye chini mwenye akili huweka mikono yake hivi: viganja karibu na kola au kidevu, viwiko vimebana mbavu. Hapo amelinda shingo na mikono kwa wakati mmoja. Kazi ya aliye juu ni kumfanya ashindwe kulinda vyote viwili. Unapenyeza mkono mmoja ndani ya kola yake na kuuzamisha. Shingo sasa ina hatari ya kweli, lazima afanye kitu. Akipeleka mikono yote miwili kuung'oa mkono wako, viwiko vinaachana na mbavu. Akiviacha viwiko mahali pake, mkono wako wa pili unaingia kwenye kola na shingo inakwenda. Mshika mbili moja humponyoka, na maunti nzuri ni ile inayomlazimisha mwenzako ashike mbili kila sekunde.

Kwenye mapambano yanayoruhusu ngumi hali ni nyepesi zaidi kwa aliye juu. UFC, mashindano ya mapigano mchanganyiko, ilipofanyika mara ya kwanza Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, Royce Gracie alikutana na bondia Art Jimmerson aliyeingia ulingoni na glavu moja tu mkononi. Jimmerson aliangushwa, akakaliwa, akagonga kukubali kabla hata hajafungwa kabali wala kufuli yoyote. Aliye chini ya ngumi hunyanyua mikono kujikinga uso, anasukuma kifua cha aliye juu, anageuka kifudifudi. Kila moja ya hatua hizo inatoa kiwiko au mgongo. Kwenye jujitsu ya michezo hakuna ngumi, kwa hiyo viwiko hubaki ndani, na ndiyo maana goti na kola zinabeba kazi ambayo ngumi ingeifanya.

Kufuli ambayo wengi huanza nayo ni Amerikana, kufuli ya bega. Acha niieleze kama nilivyoiona Jumanne moja, kwa sababu ilieleweka vizuri zaidi ya mchoro wowote. Juu alikuwa dada mmoja mwembamba anayesomea ualimu. Chini, kijana wa kupakia mizigo bandarini, mabega yake peke yake yanamtosha dada huyo kujificha nyuma yake. Kijana alisukuma mtulinga wa dada kwa kiganja cha kulia, kosa la kawaida kabisa, na kiwiko kikatoka. Dada akaushika mkono ule kwenye kifundo kwa mikono yote miwili na kuanza kuusukuma kwenda chini kwa nguvu ya mabega. Haukwenda. Kijana akacheka.

"Dada, usimsukume kwa mikono," mwalimu akasema. "Mpe mwili."

Dada akanyoosha viwiko vyake, akauacha uzito wa kifua ushuke juu ya kifundo kile, na mkono wa kijana ukalala kwenye mkeka umekunjwa pembe mraba, kiganja kikitazama juu. Kiwiko cha dada kikakaa mkekani kando ya sikio la kijana, kwa hiyo kichwa na bega havikuwa na pa kwenda. Mkono wake wa pili ukapita chini ya mkono wa juu wa kijana na kushika kifundo chake mwenyewe. Kufuli imefungwa. Bado kijana alikuwa anacheka.

Kilichomnyamazisha ni hatua ndogo ambayo wengi huiruka. Kabla ya kuinua chochote, dada aliukokota mkono mzima kwenda chini kuelekea nyonga za kijana, mgongo wa kiganja ukiendelea kufagia mkeka. Bega likakaza. Halafu ndipo akainua kiwiko kidogo, labda upana wa vidole vitatu, kiganja kikibaki chini. Kijana akagonga haraka haraka.

Sababu ni ya kimaumbile. Bega ni kiungo kinachozunguka sana, na likiwa mbali na mbavu lina uhuru mwingi. Unaweza kuinua kiwiko hadi uchoke na mtu asisikie kitu. Ukishakokota kiwiko kuelekea nyonga, uhuru wa kuzunguka nje unakuwa umeliwa karibu wote, na hapo kuinua kidogo kunagusa mwisho wa kiungo. Ndiyo maana aliye na nguvu kidogo anaweza kumgongesha mwenye nguvu nyingi. Kwenye judo kufuli hii imo kwenye kundi la ude-garami. Ndugu yake, inayozungusha mkono kuelekea upande wa pili, ndiyo mwanajudo wa Japani Masahiko Kimura aliyoitumia kumvunja mkono Hélio Gracie kwenye uwanja wa Maracanã mwaka 1951, na Wabrazili kwa heshima wakaipa jina la aliyewashinda.

Amerikana ina tabia moja ya kuijua mapema: aliyefungwa hujaribu kuunyoosha mkono. Usigombane naye. Mkono ukinyooka, kifundo kikiwa bado kimebanwa chini, ule mkono wako wa pili uliopita chini unakuwa egemeo nyuma ya kiwiko chake, na kiwiko kilichonyooka juu ya egemeo kinauma kuliko bega. Akijigeuza ubavu kukimbia, amekupa mgongo. Hiyo ndiyo maana ya kusema mbinu hizi ni shauri moja.

Kabali ya kola, kwangu mimi, ndiyo mfalme wa maunti. Inaonekana ya kitoto. Kila mkanda mweupe hufundishwa miezi ya mwanzo, na kila mkanda mweupe huiacha kwa sababu haimkabi mtu. Halafu unamkuta Roger Gracie, bingwa wa dunia mara 10, aliyeitumia kwa miaka yote dhidi ya watu waliojua kabisa kwamba inakuja. Kwenye mashindano ya dunia ya 2009 aliwamaliza wapinzani wake wote, kwenye uzito wake na kwenye uzito huria, na silaha yake ilikuwa ni hiyo hiyo ya wiki ya kwanza darasani.

Siri iko kwenye kina cha mkono wa kwanza. Mkono wa kushoto unafungua kola, unaivuta ilegee. Mkono wa kulia unaingia kwenye kola ya upande wake wa kulia, yaani unakata mbele ya shingo yake, vidole vinne vikiwa ndani na kiganja kikitazama juu. Unaingia hadi vifundo vya vidole viguse mkeka nyuma ya shingo. Wengi huishia chini ya sikio. Hapo kabali inakuwa ya kusumbua tu, anaweza kukaa nayo hadi kesho. Mkono wa pili unaingia kwenye kola ya upande mwingine, juu au chini ya ule wa kwanza, kidole gumba kikiwa ndani. Kisha hukabi kwa kusukuma. Unavuta viwiko vyako kuelekea mbavu zako, unazungusha vifundo vya mikono ili mfupa wa upande wa kidole gumba ukae kwenye shingo, na unashusha kifua huku paji la uso likigusa mkeka juu ya kichwa chake. Paji hilo ni mguu wako wa tatu. Mikono yote miwili ikiwa kwenye kola huna mkono wa kujiegemeza akipiga daraja, na aliyesahau jambo hilo hupinduliwa akiwa anakaribia kushinda.

Kinachobanwa ni mishipa mikubwa ya damu miwili iliyoko pembeni mwa shingo, ile ya karotidi. Koromeo haliguswi. Ikibanwa yote miwili sawasawa, mtu hupoteza fahamu kwa takribani sekunde 10, wakati mwingine pungufu, bila maumivu makali ya kumwonya. Kabali inayobana koromeo inauma zaidi, inachelewa zaidi na inaumiza vibaya zaidi. Ukiona mwenzako anakohoa na kukoroma lakini hagongi, mara nyingi vifundo vyako viko mbele badala ya pembeni. Rekebisha, usiongeze nguvu.

Kunyoosha kiwiko, juji-gatame, ndiyo mbinu inayopendwa na inayopoteza maunti nyingi. Ndani yake kuna mapatano ambayo wachezaji hawayaoni: ili uikamilishe lazima uiache maunti na ulale chali. Mkono ukichomoka, umebadilisha mkao wa pointi 4 kwa kulala chini ya mtu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujazungusha mguu ni kama kiwiko chake tayari kimevuka kifua chako. Kikiwa bado chini ya nyonga zako, tulia.

Anayejua huenda polepole. Anamweka mpinzani ubavu kidogo, goti moja linapanda hadi juu ya bega karibu na kichwa, mguu wa pili unakunjwa chini ya kwapa, na makalio yanakaa juu ya bega lenyewe. Ukimtazama kutoka juu miguu yake inachora herufi S. Kwenye mkao huo mkono umeshashikwa na aliye chini hawezi hata kupumua vizuri. Mguu wa kupita juu ya uso ni hatua ya mwisho, nao unatua kwa kisigino bila kishindo. Magoti yanabana, kidole gumba cha mpinzani kinatazama juu, kifundo kimegandishwa kifuani kwako, na nyonga zinainuka taratibu. Kiwiko ni bawaba, kinakunja na kunyooka basi. Kikipitishwa mwisho wake, kano za ndani ndizo zinazochanika kwanza, na hazina haraka ya kupona.

Hapa hali ya hewa ya Mtwara inaingia. Kuanzia Novemba hadi Februari, joto la kaskazi likiwa limepamba, ukumbi wetu wa mabati baada ya robo saa kila mtu amelowa. Kimono kilicholowa ni kizito lakini kola bado inashikika. Ngozi haishikiki. Wakati wa mazoezi bila kimono, mkono uliolowa jasho unachomoka kwenye juji-gatame kama samaki, na wengi wetu tumejikuta tukihamia kwenye mbinu isiyotegemea kushika: pembetatu ya mkono, kata-gatame.

Hii inatokea yenyewe pale aliye chini anapousukuma uso wako au kuuvusha mkono wake mbele ya shingo yake. Unausukuma mkono huo upite, unashusha kichwa chako mkekani upande ule ule ili sikio lako liuzuie usirudi, na mkono wako unapita nyuma ya shingo yake na kukutana na mkono wako wa pili, kiganja kwa kiganja. Sasa upande mmoja wa shingo umebanwa na msuli wako, upande wa pili umebanwa na bega lake mwenyewe. Unaweza kumaliza hapo hapo juu, lakini wengi hushuka kutoka maunti kwenda upande wa mkono ulionaswa, wanalaza nyonga chini na kuminya kwa kifua kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Jasho halina neno hapa. Hakuna kitu cha kuponyoka.

Ezekieli inaingia mtu akiwa amejifungia kabisa, viwiko ndani, kidevu chini, hatoi chochote. Mkono mmoja unapita nyuma ya kichwa chake, vidole vinashika mkono wa kimono chako upande wa pili, na kiganja hicho cha pili kinapenya mbele ya koo lake na kukata. Judo wanaiita sode-guruma-jime. Jina la kibrazili linatokana na mwanajudo Ezequiel Paraguassu, aliyeitumia sana alipokwenda kufanya mazoezi kwenye chuo cha Carlson Gracie. Uzuri wake ni kwamba inaanza ukiwa umemlalia kifua kwa kifua, maunti ya chini, bila kuhatarisha mkao. Kuna Mrusi mmoja, Aleksei Oleinik, ambaye Januari 2017 aliifunga kwenye UFC bila kimono, tena akiwa yeye ndiye aliyekaliwa. Msijaribu. Kwa watu wa kawaida, kumkaba aliyekukalia ni kumpa viwiko viwili kwa mpigo.

Aliye chini akichoka na haya yote hugeuka. Anapogeuka ubavu, goti lako moja linainuka na kusimama mbele ya tumbo lake, mkono wake wa juu unauvuta uizunguke shingo yake mwenyewe na kuukabidhi kwa mkono wako wa nyuma. Amefungwa kwa mkono wake. Akiendelea kugeuka unaingiza miguu na uko mgongoni, pointi 4 nyingine, na kabali ya nyuma inakungoja. Pembetatu ya miguu kutoka maunti nayo ipo, ila inataka miguu mirefu na nyonga laini. Mkanda mweupe aiache kwa mwaka wa kwanza.

Neno kuhusu kugonga, maana wageni huja wakidhani ni aibu. Unagonga mara mbili au zaidi kwenye mwili wa mwenzako au mkekani. Mikono ikiwa imenaswa unagonga kwa mguu au unasema "nimekubali". Aliye juu anaachia papo hapo, hasubiri ruhusa ya mtu. Kwa kufuli za bega na kiwiko, gonga unaposikia kiungo kimekaza, usisubiri maumivu, kwa sababu kati ya kukaza na kuchanika hakuna nafasi kubwa. Hakuna sababu ya kumpeleka mwenzako hospitali ya Ligula kwa mazoezi ya Jumanne.

Na kwa aliye chini, ambaye makala kama hii huwa inamsahau: usinyooshe mikono kumsukuma kifua, hiyo ni zawadi. Viganja kolani, viwiko kwenye mbavu, na kazi yako ya kwanza ni magoti yake. Yasipande. Goti likianza kutafuta kwapa, lala ubavu upande huo na ulikutanishe na kiwiko chako kabla halijafika. Angalia mikono yake pia. Akiingiza mmoja kwenye kola, ukamate huo huo kwa mikono yako miwili, uubane kifuani kwako, uzuie mguu wake wa upande huo, kisha piga daraja kwenda juu ya bega la upande huo, sio moja kwa moja juu. Akiutoa mkono kolani ili asianguke, kabali imekwisha, na kiwiko chako tayari kiko ndani ya goti lake.